Waliochanjwa, Wakaugua

Jumanne, 10 Novemba 2015, Iowa City

Chuo kimetuma barua pepe nyingine kuhusu mlipuko wa matubwitubwi. Kila mwanafunzi ambaye hajafika miaka 25 anaombwa akachomwe dozi ya tatu ya chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela, hata kama mbili za utotoni zote zimo kwenye kadi yake. Mimi nimeshavuka umri huo, simo kwenye foleni. Nimeshinda zamu ya jioni bwaloni nikiosha masinia na kutega sikio, maana leo jikoni hapakuwa na habari nyingine.

Kijana wa mwaka wa pili ninayepanga naye vikombe alikuwa amekasirika kweli. Yeye kachanjwa mara mbili. Mwenzake wa chumbani kachanjwa mara mbili. Na huyo mwenzake sasa yuko kwa wazazi wake, kaambiwa ajitenge siku tano, pembe ya taya haionekani. "Hiyo ya tatu itafanya nini ambacho mbili hazikufanya?" Msimamizi wetu akamjibu kwamba wataalamu wamesema, basi aende. Kijana hakwenda. Mimi nami ningekuwa na miaka 19, nikajibiwa hivyo, huenda nisingekwenda. Swali lake ni zuri na lina jibu, ila jibu lenyewe ni refu kuliko "wataalamu wamesema".

Mpishi wetu wa siku nyingi, mama wa hapahapa Iowa, alicheka tu. Anasema mwaka 2006 ilikuwa hivihivi, watu wakakimbizana na vipukusi na barakoa. Nimeangalia: ni kweli. Mwaka ule jimbo hili ndilo lilikuwa kitovu, na nchi nzima ilihesabu wagonjwa 6,584, kundi lililopigwa zaidi likiwa vijana wa miaka 18 hadi 24 wa vyuo vya majimbo haya ya kati, wengi wao wenye dozi zao mbili. Ilishangaza kwa sababu watu walishaona ugonjwa umezikwa. Kabla chanjo haijaanza kutolewa mwaka 1967, Marekani ilikuwa ikiandikisha wagonjwa wapatao 186,000 kwa mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wamebaki mia chache.

Alhamisi, 12 Novemba

Limau limemuumbua mtu leo. Kijana kaja kaunta ya vinywaji, kachukua maji ya limau, kameza funda moja, akashika chini ya sikio na kufumba macho. Nilijua kabla hajasema. Uvimbe wa matubwitubwi hauanzii katikati ya shavu kama watu wanavyodhani. Unaanzia chini ya sikio, unajaza pembe ya taya mpaka huioni, na ndewe ya sikio inasukumwa juu na nje. Kitu kichachu kinaiamsha tezi itoe mate, na tezi iliyovimba ikitaka kutoa mate ndipo mtu anapoona nyota. Nilimwambia aache chakula pale pale aende zahanati ya wanafunzi. Akaniuliza kama nitamtupia sinia. Nilimtupia, kisha nikanawa mpaka viwiko.

Mwenzangu wa darasani anayefanya kazi huko ananisimulia wanavyochukua kipimo. Tezi hiyo ina mfereji unaotokea ndani ya mdomo, mkabala na gego la pili la juu. Muuguzi anaikanda tezi kwa nje sekunde 30, halafu anapitisha kijiti chenye pamba pale kwenye tundu. Damu nayo huchukuliwa, lakini kwa mtu aliyechanjwa damu haitegemeki: mwili wake unaukumbuka ugonjwa kidogo, hautoi zile dalili za maambukizi mapya ambazo maabara inazitafuta, na majibu yanatoka hasi ilhali mtu kavimba mbele yako.

Kinachonikera zaidi ni ratiba ya kirusi chenyewe. Mgonjwa anaanza kuambukiza siku mbili kabla hajavimba. Aliyeambukizwa naye hukaa siku 12 mpaka 25 bila kujua. Kwa hiyo yule kijana wa limau jana na juzi alikuwa mezani na rafiki zake, na matokeo ya chakula hicho yatajulikana kwenye sikukuu ya Thanksgiving au baada yake, wanafunzi wakiwa wametawanyika kwa babu na bibi zao jimbo zima.

Ongeza na mabweni: watu wawili chumba kimoja, choo cha pamoja, mwisho wa wiki ule mchezo wao wa kurusha mpira kwenye vikombe vya bia halafu anakunywa yeyote. Ugonjwa unaosafiri kwa mate ungeomba nini zaidi?

Jumapili, 15 Novemba

Mwenzangu wa nyumbani ni Mluhya wa Kakamega, na leo tulipokuwa tunapika ugali alinichekesha. Kwao mtoto mwenye matubwitubwi alitwishwa kuni kichwani, akapelekwa kwenye mti mmoja wenye miiba na maua mekundu, akauzunguka mbio, akazitupa kuni na kurudi nyumbani bila kugeuka nyuma. Sisi Muheza tulipakwa masizi ya sufuria mashavu yote mawili, tukakatazwa kutoka. Tulikubaliana kwamba dawa zote mbili zilifanya kazi vizuri sana, kwa kuwa ugonjwa wenyewe huondoka ndani ya wiki moja au siku kumi hata ukimpaka mtoto uji.

Lakini lipo jambo chini ya kicheko hicho. Sisi tuliugua tukiwa na miaka sita, saba. Umri huo matubwitubwi kwa wengi ni homa, shavu na likizo ya shule, ingawa wapo wachache walioamka wakiwa viziwi wa sikio moja au wakapata homa ya utando wa ubongo. Ugonjwa huohuo ukimkuta mwanamume aliyebalehe ni hadithi tofauti. Miongoni mwa wasiochanjwa, karibu 3 kati ya 10 huvimba korodani; miongoni mwa waliochanjwa hushuka mpaka kama 6 kati ya 100. Utasa kamili ni nadra, na vijana wa hapa wangelala usingizi kama wangeambiwa hivyo vizuri badala ya kutafutiana picha za kutisha kwenye simu.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani haliiambii kila nchi iongeze chanjo ya matubwitubwi. Linasema iongeze nchi yenye utaratibu imara wa kuchanja watoto, inayoweza kufikisha na kushikilia zaidi ya asilimia 80. Ukichanja nusunusu, kirusi hakiishi, kinapunguza mwendo tu, na mtoto ambaye angeugua akiwa darasa la kwanza anakutana nacho akiwa na ndevu. Nyumbani mwaka jana wameanza chanjo ya surua na rubela kwa pamoja. Matubwitubwi hayamo. Wapo wanaoona huo ni umaskini. Mimi naona ni mpangilio wa vipaumbele: surua inaua, rubela inalemaza mimba, shilingi iende huko kwanza.

Jumatano, 18 Novemba

Mama Mapacha, jirani yangu wa ghorofani, kanisimamisha kwenye ngazi akitoka kazini. Ni mtu wa Uvira, kakaa miaka kambini Nyarugusu kabla ya kuletwa huku, na sasa anafua mashuka kwenye nyumba ya wazee. Tangu ajue nasoma afya ya jamii, mimi ni mwalimu wake, nipende nisipende.

"Mwalimu, bale batoto ba chuo bote balichomwa sindano. Sasa mbona banagonjwa? Ile sindano iko ya nini?"

Swali lilelile la kijana wa vikombe. Nikamkaribisha ndani, nikageuza bahasha ya bili ya umeme, nikamwandikia. Tuchukue wanafunzi 1,000. Hapa karibu wote wamechanjwa, tuseme 980, na 20 hawakuchanjwa. Tuseme kirusi kikiingia kati ya watu wasio na kinga yoyote kinaangusha nusu. Kati ya wale 20 wataugua 10. Wale 980 nao, bila chanjo wangeugua 490. Dozi mbili, kwa wastani wa tafiti nyingi, hupunguza hatari ya matubwitubwi kwa asilimia 88. Kwa hiyo wataugua kama 59. Sasa ingia zahanati uhesabu: wagonjwa 69, na 59 kati yao wana kadi zilizokamilika. Anayetaka kukuonyesha kwamba chanjo haina kazi atakupeleka kwa hao 59. Hawezi kukupeleka kwa wale 431 walionusurika, kwa sababu wako madarasani, hawana alama yoyote, na wenyewe hawajui.

Aliifuata hesabu kwa kidole, mstari kwa mstari, akairudia. Halafu akauliza kitu ambacho hakijaulizwa jikoni kwetu hata mara moja: hiyo 88 ni nyingi ama kidogo? Nikamwambia inategemea unailinganisha na nini. Surua kwa dozi mbili ni 97. Akanitazama.

"Kumbe hii ya mashavu iko zaifu."

"Ni dhaifu kuliko wenzake wawili, Mama."

"Na inaisha? Kama neti ya kambini, dawa inaisha?"

Nikasema wengi wanashuku hivyo. Akakaa kidogo. "Mbona habatuambiake?"

Hilo sikuwa na bahasha ya kulijibu. Vipeperushi vyote nilivyoviona vinasema chanjo ni salama na inafanya kazi. Ni kweli, lakini hakuna kinachosema inafanya kazi kiasi gani na kwa muda gani, na hapo ndipo mtu mwenye akili zake anapoanza kuhisi anafichwa. Mama huyu kaishi kwenye foleni za mgao. Anajua vizuri sana sura ya mtu anayekupa nusu ya habari.

Jumamosi, 12 Desemba

Theluji, na mtihani Jumatatu, na badala ya kusoma nimeingia kwenye historia ya chanjo yenyewe. Mwaka 1963, Philadelphia, binti wa miaka mitano anamwamsha baba yake usiku, koo linauma, taya limevimba. Baba ni Maurice Hilleman, mtafiti wa kampuni ya Merck. Anamrudisha mtoto kitandani, anakwenda kuleta vifaa vyake, anampitishia kijiti kooni na kuhifadhi alichokipata. Kirusi hicho kikakuzwa kwenye mayai na seli za vifaranga mpaka kikasahau namna ya kumuumiza binadamu. Mdogo wake yule binti alikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza kuchanjwa nacho. Binti anaitwa Jeryl Lynn, na jina lake ndilo jina la aina ya kirusi kilicho ndani ya kila dozi inayotolewa Marekani hadi leo.

Kwa hiyo kila kijana aliye kwenye foleni hapa kachomwa koo la msichana mmoja wa mwaka 1963. Nalipenda jambo hili kupita kiasi, nakiri.

Ugomvi wa wataalamu unaanzia hapo. Kirusi cha Jeryl Lynn ni cha kundi A. Kinachozunguka vyuoni tangu 2006 ni cha kundi G. Wapo wanaosema tatizo ni hilo, ufunguo haukai vizuri kwenye kitasa, tutengenezewe chanjo mpya. Wengine wanasema kinga inayotokana na kundi A inakizuia kundi G vya kutosha, tatizo ni muda: dozi ya pili hapa mtoto huipata akiwa na miaka minne hadi sita, na anaingia bwenini baada ya muongo mzima na zaidi. Mimi nimeelemea kwa hawa wa pili, kwa sababu rahisi: watoto wa shule za msingi, ambao sindano zao bado mbichi, wanakaa karibukaribu kuliko hata wanafunzi wa chuo, na hawaugui hivi.

Na chanjo nyingine zilijaribiwa. Ya aina ya Urabe ilikuwa kali zaidi, ila baadhi ya watoto walipata homa ya utando wa ubongo kutokana nayo. Uingereza waliiacha 1992, na Japani mwaka uliofuata walisimamisha chanjo nzima ya pamoja. Ya Rubini ilikuwa laini mno, ikaonekana haikingi lolote la maana. Jeryl Lynn ipo katikati, na huo ukatikati wake ndio tunaoulipia sasa.

Jumapili, 27 Machi 2016

Jana Robert De Niro ameiondoa filamu ya Vaxxed kwenye tamasha lake la Tribeca, siku moja tu baada ya kuitetea. Mwongozaji wake ni Andrew Wakefield, yuleyule aliyeandika mwaka 1998 kwenye jarida la The Lancet kuhusu watoto 12 na kuwafanya wazazi dunia nzima waamini chanjo hii ya surua, matubwitubwi na rubela (MMR) inaleta usonji. Jarida liliifuta makala hiyo 2010, na mwaka huohuo akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Sasa ana filamu.

Mluhya wangu, ambaye hapendi kuamini kitu chochote kilichopigwa muhuri, aliniletea habari nyingine: wanasayansi wawili waliokuwa wafanyakazi wa Merck waliishtaki kampuni mwaka 2010, wakidai vipimo vya nguvu ya sehemu ya matubwitubwi vilichezewa ili ionekane bado ina ubora wa zamani. Kampuni inakana. Kesi ingali mahakamani. "Sasa unaona?" Nikamwambia naona, na sioni haya kusema naona. Dai hilo mahali pake ni mahakamani. Lakini hata likithibitika lote, linasema kinga ni ndogo kuliko tulivyoambiwa, wala haligusi usonji. Watu wanayabeba madai haya mawili kwenye kapu moja, na kapu likijaa linaonekana zito.

Upande wangu nao unapenda hadithi rahisi. Mwaka 2005 Uingereza na Wales walipata matubwitubwi zaidi ya wagonjwa 40,000, vijana wa vyuo kwa maelfu, na mpaka leo utasikia watu wakimbebesha Wakefield ule mlipuko. Piga hesabu ya umri. Wale walizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 80. MMR ilianza huko 1988. Walikuwa wameshapita umri wa kuipata kwa kawaida, na katika kampeni kubwa ya 1994 mashuleni walichomwa ya surua na rubela tu. Wakawa wakubwa mno kwa sindano na wadogo mno kuwahi kuugua utotoni kama kaka zao. Wakefield ana makosa yake ya kutosha, hahitaji kuazimwa mengine.

Jumamosi, 14 Mei

Wanafunzi wanaondoka, barabara zimejaa magodoro na viti vya kutupwa. Wagonjwa wapya ni wa kuhesabika. Kijana wa vikombe hakuchomwa ya tatu wala hakuugua, na anautangaza mwili wake kama ushahidi.

Ijumaa, 2 Juni 2017

Surua Minnesota. Ni saa tano kwa gari kutoka hapa, na habari zimefika kanisani kwa Mama Mapacha kabla hazijafika darasani kwangu. Wagonjwa wamepita 60, wengi ni watoto wa Kisomali, karibu wote hawajachanjwa. Mwaka 2004 watoto wa Kisomali wa miaka miwili waliochanjwa MMR jimboni humo walikuwa asilimia 92, wakiwazidi hata majirani zao. Kufikia 2014 walikuwa 42. Katikati ya tarakimu hizo mbili kuna wazazi walioona usonji mwingi kwa watoto wao, waliouliza ni kwa nini, na walipokosa wa kuwajibu akaja Wakefield mwenyewe, akakaa nao, akawasikiliza.

Kilichonitoa usingizi ni video fupi inayozunguka WhatsApp ya wanakwaya. Nimeiona kwenye simu ya Mama Mapacha. Sauti ya mwanamume, Kiswahili kizuri tu, anasema: "Iowa watoto wa chuo walichanjwa wote na wakaugua wote, hii sindano ni biashara, msipeleke watoto." Wakaugua wote! Lakini nusu ya kwanza ya sentensi yake ni kweli, na ni kweli hiyohiyo iliyokaliwa kimya kwenye vipeperushi.

Hapa ndipo jambo lote lilipo kwangu, nimelizunguka tangu ile bahasha. Sindano ni moja, magonjwa ni matatu. Anayeikataa kwa sababu ya udhaifu wa matubwitubwi anaikataa pia kwa surua, ambako ina nguvu kuliko karibu chanjo zote tulizonazo. Mdogo dhaifu anatolewa ushahidi dhidi ya mkubwa. Na kinga ya mkubwa haiwezi kulindwa kwa kumsifia mdogo nguvu asizokuwa nazo. Siku mdogo akianguka mbele za watu, kama alivyoanguka bwaloni kwetu, mkubwa haaminiki tena. Ningepewa mimi kuandika kipeperushi ningeanza na 97 na 88, kwa herufi kubwa, juu kabisa.

Nilimwomba Mama Mapacha namba ya mwenye ile video. Hakunipa. Alisema atamjibu mwenyewe, na nikamwona anatafuta kwenye droo. Alikuwa bado anayo ile bahasha.

Ijumaa, 8 Septemba

Jana utafiti wa mlipuko wetu umetoka kwenye The New England Journal of Medicine. Nimeusoma nimesimama, kwenye kituo cha basi.

Wanafunzi 20,496. Waliougua 259. Kabla ya mlipuko, asilimia 98.1 walikuwa na dozi mbili au zaidi, kwa hiyo ile 980 ya bahasha yangu haikuwa mbali. Waliokubali ya tatu ni 4,783. Kati ya wenye dozi mbili waliugua 14.5 kwa kila 1,000. Kati ya wenye tatu, 6.7. Ukisubiri siku 28 baada ya sindano, hatari ya wenye tatu ilikuwa chini kwa asilimia 78 ikilinganishwa na ya wenye mbili.

Tarakimu iliyonikalisha ni nyingine. Mwanafunzi ambaye dozi yake ya pili ilikuwa na umri wa miaka 13 au zaidi alikuwa kwenye hatari zaidi ya mara tisa. Mara tisa! Hao ndio waliochomwa kwa wakati, watoto wa wazazi makini, waliopelekwa kliniki wakiwa na miaka minne kama kitabu kinavyosema.

Yule kijana wa vikombe amemaliza chuo, sijui yuko wapi. Jibu la swali lake limechukua karibu miaka miwili kuandikwa.

Alhamisi, 26 Oktoba

Atlanta, jana, kamati inayoishauri serikali kuhusu chanjo imepiga kura. Dozi ya tatu itatolewa kwa kundi ambalo idara ya afya imeona liko hatarini wakati wa mlipuko. Haitakuwa ya kila kijana wa miaka 18. Darasani tumebishana: kwa nini mtu angoje mlipuko uanze, ilhali sindano inahitaji wiki kadhaa ishike vizuri? Profesa akauliza ni nani atalipia mamilioni ya dozi kwa ugonjwa usioua. Hakuna aliyeinua mkono.

Jumamosi, 24 Machi 2018

Wiki hii wametokea wawili wa Harvard, Joseph Lewnard na Yonatan Grad, kwenye jarida la Science Translational Medicine. Wamekusanya tafiti za nyuma na kupiga hesabu: kinga ya chanjo ya matubwitubwi hudumu kwa wastani wa miaka 27, lakini wastani huo unaficha mengi. Robo ya waliochanjwa huipoteza ndani ya miaka minane hivi, nusu ndani ya miaka 19. Na kwa maoni yao muda ndio unaoeleza milipuko hii. Hawaoni haja ya kukisingizia kirusi kipya. Nilisoma nikijisikia mtu aliyeshinda bao bila kucheza.

Jioni nikaitwa ghorofani kwa Mama Mapacha. Mapacha wote wawili wamekubaliwa chuo, wanaanza Agosti, na chuo kinataka kadi za chanjo. Mezani kulikuwa na wali, sombe, na karatasi zote za familia kuanzia Nyarugusu. Dozi ya kwanza walichomwa kambini mwaka 2013 kabla ya ndege, ya pili hapahapa Iowa miezi michache baadaye. Walikuwa na miaka 13.

Nikamwonyesha Mama tarehe, nikamkumbusha ile ya mara tisa. Watoto waliokua hapa wataingia bwenini na dozi ya pili ya tangu chekechea. Hawa wake wana ya miaka mitano tu. Alinifanya nirudie. Halafu akaita mapacha sebuleni nirudie tena mbele yao, kwa Kiingereza, wasije wakasema hawakusikia.

"Kwa hiyo ya tatu hapana?"

"Ya tatu wakitangaza ugonjwa, Mama. Wakitangaza, waende siku hiyohiyo, wasingoje wiki."

Mmoja wa mapacha, yule asiyeongea sana, aliuliza kama inaruhusiwa kumuuliza mwenzako wa chumbani dozi yake ya pili ni ya mwaka gani. Nikamwambia kuuliza anaweza, ila mwenzake halazimiki kujibu, na chuo hakitamwambia, hizo ni siri za mtu.

"Basi nitaenda na kikombe changu," akasema, na mama yake akamwambia achukue na sahani.